Utambi Ukinyamaza

Leh, 4 Oktoba 1987

Dada yangu Devayani,

Nakuamkia toka huku juu milimani, mahali ambapo hata salamu hupoa kabla haijatoka mdomoni. Sisi wazima. Sukumaran anakusalimu sana. Asubuhi na jioni hupanda juu ya paa la kituo chao cha hali ya hewa kutazama mawingu ayaandike daftarini, na mawingu hakuna. Anaandika "hakuna", anashuka, anakunywa chai. Mume wangu analishwa na serikali kwa kuandika neno moja, Dada, nami namwonea wivu. Ng'ombe ameshazaa? Na Kaka Raghavan amekuandikia toka Coimbatore, au bado amekununia?

Nina neno dogo la aibu. Kichwa kinaniwasha. Ngozi imekauka mpaka inapukutika, na nikivaa sari nyeusi mabega yanakuwa kama ya mtu aliyetoka kusaga unga. Mwanzo nilidhani ni mba tu. Juzi mke wa mkuu wa kituo alikuja kunitembelea, nikajikuta najikuna mbele yake kwa sindano ya kufumia. Akaiona, akaondoka kabla ya chai. Naosha kichwa kila siku kama ulivyonilea, tena kwa maji ya moto maana ya baridi yanakata kama wembe, na kadiri ninavyoosha ndivyo kinavyozidi. Mafuta niliyokuja nayo yameisha. Ya dukani hapa yananuka kama ofisi.

Saa za mchana jua likiingia dirishani nasinzia, naota niko kwenye ngazi ya nyuma ya jiko letu, nimekaa kati ya magoti yako, unanipaka mafuta kichwani na mvua inanyesha juu ya migomba. Ndoto hiyo haina maneno. Nikiamka nakuta mkono ulioko kichwani ni wangu mwenyewe.

Nipikie chupa moja, Dada. Moja tu.

Mdogo wako,
Rugmini


Kollengode, 2 Novemba 1987

Rugmini mdogo wangu,

Barua yako imetembea siku ishirini na tatu, bila shaka kwa miguu. Mimi sijambo. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye paji jeupe, mkorofi kama wewe ulipokuwa mdogo. Mwambie shemeji yangu kwamba huku mawingu yamejaa, aje achague.

Raghavan hakuniandikia, alikuja mwenyewe. Alikula chakula cha watu watatu, kisha akazunguka nyumba anagonga nguzo kama daktari anayepima kifua. Akasema, "Devayani, nyumba hii kubwa mno kwa mtu mmoja. Siku nikiona umeshindwa kitu, hata kimoja, napiga kufuli na unakuja kukaa kwangu mjini." Nikamwambia, "Nikae ghorofani, bwawa langu la kuogea liwe ndoo?" Akacheka. Lakini namjua kaka yetu, hakuwa anatania. Nikitolewa katika nyumba hii nitakufa, Rugmini, na nakuandikia hivyo bila kuongeza chumvi.

Sasa kichwa chako. Nilicheka habari ya sindano, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kuchuma majani. Umefanya vizuri kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimepika jana. Mafuta ni ya nazi zetu, nikatia maji ya majani ya nili na ya shubiri, maua mekundu ya pale kisimani, uwatu, na punje chache za pilipili manga kwa sababu ya baridi yenu. Nilitumia sufuria ya shaba ya Mama. Nikachovya utambi, nikauwasha, ukawaka kimya. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema? Vidole hudanganywa na mvuke na macho hudanganywa na moshi, lakini utambi hausemi uongo. Ukitatarika, maji bado yamo. Ukinyamaza, epua. Safari hii yameiva upesi kuliko siku zote. Jua lilikuwa halijafika hata kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Mwaka huu kila kitu kimekuwa kipole. Mvua inanyesha kwa adabu, siijui mpaka nione uani kumelowa. Hekaluni nadhani wamepata kuhani mpya, anagonga kengele kama anaiiba. Unakumbuka tulivyokuwa tukizama bwawani, tukafumbua macho kule chini, na dunia ya juu ikawa mbali, watu wanatikisa midomo tu? Nyumba siku hizi iko hivyo. Napenda.

Chupa anakuletea askari mmoja wa hapa anayerudi kwenye zamu yake huko kwenu. Paka, ngoja saa nzima, ndipo uoge.

Dada yako,
Devayani


Leh, 20 Januari 1988

Dada,

Heri ya mwaka. Chupa ilifika katikati ya Desemba, na haikupasuka. Askari wako aliibeba ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya begi. Asante sana. Mafuta ni mazuri.

Huku kumeganda kila kitu, hata mto. Sukumaran sasa ana jambo la kuandika: theluji. Anatembea kwa maringo kama aliyeiangusha yeye.

Mwenye nyumba wetu, Mama Angmo, amegundua kwamba naosha kichwa kila siku. Alikaa chini akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Kila siku? Kichwa ni shati? Unakifua ukianike?" Nikamwambia kwetu asiyeosha kichwa asubuhi hapewi hata uji. Akasema, "Kwenu maji yanatoka mbinguni bure. Hapa ngozi ina akiba yake ndogo ya mafuta, na wewe unaifua kila alfajiri." Ameniletea kichupa cha mafuta ya mbegu za aprikoti wanayopaka wao. Nimemshukuru, nimeyaweka rafuni. Nina yako.

Niambie, Dada, ile siku ya kupika ulikuwa na nani jikoni? Na kengele ya hekalu, bado inagongwa vilevile? Redio unaisikiliza? Mama yake Ammini hapo jirani anapita kukuona?

Naota sana. Jana mchana niliota nimesimama juu ya mto ulioganda, na wewe uko chini yake, unaniambia kitu. Niliweka sikio juu ya barafu.

Rugmini


Kollengode, 25 Februari 1988

Rugmini,

Salamu kwenu wote wawili. Unauliza maswali kama karani wa sensa. Nilikuwa na nani jikoni? Nilikuwa na sufuria. Redio imeharibika, inanong'ona tu. Kengele siijui, muulize kuhani. Nimekuomba habari za kichwa, na habari za kichwa hukuleta.

Mimi nakuletea habari njema. Ammini ana mimba, ya kwanza. Atarudi kwao mwezi wa sita kama ilivyo desturi, na mwezi wa nane atajifungua. Mama yake kaja na nazi kumi na mbili, kaniwekea mlangoni, nipike mafuta ya kichwa cha mtoto. Na nani mwingine ayapike? Watoto wote wa njia hii wamepakwa mafuta yangu, hata hao walioota ndevu.

Isipokuwa mke wa mwalimu. Amerudisha chupa yake. Kasema kichwa cha mtoto kimetoka vipele, na kasema mengine pia, anatikisa mdomo harakaharaka bila kunitazama usoni. Mtoto kapata joto, lawama nazibeba mimi. Nimemwaga mafuta kwenye mgomba mbele ya macho yake, na mgomba haujatoka vipele.

Mwambie huyo Angmo mafuta ya mbegu ni ya kukaangia.

Ndama anakua. Mchana nalala kibarazani naye analala karibu yangu, na hakuna hata mmoja wetu anayemsumbua mwenzake. Wakati mwingine naona kama tumelala miaka.

Devayani


Leh, 3 Aprili 1988

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Theluji ya bondeni imeyeyuka na Mama Angmo ameanza kulima. Sukumaran alianguka toka kwenye paa lake, hakuumia. Aliangukia nyasi za ng'ombe. Nakupa habari hizi zote kwa sababu sitaki kufika kwenye hiyo nyingine. Barua hii nimeiandika mara nne.

Nilikudanganya. Chupa ilipofika ilikuwa imeganda. Niliiinua dirishani ili nifurahi kwanza kwa macho. Juu ilikuwa nyeupe kama samli. Chini, kiasi cha vidole viwili, ilikuwa angavu kama kioo. Nikamwita Sukumaran. Akainamisha chupa, akatazama, akasema, "Hiyo barafu. Ni maji, Rugmini. Maji mazito kuliko mafuta, hukaa chini."

Nikamwambia, "Dada hawezi kuepua mafuta yenye maji."

"Basi tueleze hii nini."

Nikayayeyusha juani na kuyapaka, kwa ubishi tu, wiki tatu. Yalikuwa yameanza kuchacha. Kichwa kikatoka vidonda. Mwisho Mama Angmo alinikalisha chini, akanioshea kwa maji ya vuguvugu, mara moja kwa wiki, akanipaka yale mafuta yake ya aprikoti. Nimepona karibu. Mafuta ya mwanamke mwingine yamo kichwani mwangu, Dada, nisamehe. Hilo linaniuma kuliko vidonda.

Nimesoma barua zako tena na tena hapa dirishani. Nadhani kuhani ni yuleyule. Nadhani mvua zilinyesha kama miaka yote, zikapiga paa kwa nguvu. Na nadhani siku ile utambi ulikuwa unatatarika.

Wewe ndiye uliyeniandikia, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu ilikuwa ngozi tu. Lakini sasa kuna mtoto wa Ammini. Kichwa cha mtoto mchanga ni laini mpaka unaona moyo ukidunda utosini. Usimpikie peke yako. Mtafute mtu akusikilizie.

Kaka Raghavan hatajua kitu toka kwangu. Naapa kwa ngazi ya nyuma.

Wako, wako,
Rugmini


Leh, 12 Juni 1988

Dada,

Hujajibu. Hujambo? Sukumaran anasema posta ndiyo ilivyo, barabara imefunguliwa juzi tu na magari ya jeshi yanapita kwanza. Namwitikia, lakini simwamini.

Najua Ammini ameshafika kwao. Nimemwandikia mama yake. Barua iko ndani ya kitabu cha mapishi, ina stempu tayari. Kila siku naitoa, naitazama, nairudisha. Nikiituma, njia nzima itajua, na Kaka Raghavan atajua kabla ya wiki kwisha. Nisipoituma, na mtoto akadhurika, sitaweza kukutazama tena. Nitangoja mpaka katikati ya mwezi wa saba. Usiniache niitume.

Mchana huu nimesinzia tena. Niliona mdomo wako tu.

Rugmini


Kollengode, 3 Julai 1988

Rugmini,

Chana hiyo barua yako ya stempu. Kisha keti, maana hii ni ndefu.

Barua yako ya Aprili nilipoisoma niliizika ndani ya pipa la mchele. Wiki nzima nilikula ndizi ili nisifungue pipa. Nilikuita majina, mengine hata sikujua kama nayajua. Nikasema, kaenda kwenye barafu, sasa kaota meno.

Lakini nilijua, mdogo wangu. Nilijua tangu mwezi wa kumi na mbili. Ndama alikuwa amejinyonga kidogo na kamba pale kwenye mgomba, nami napita na ndoo. Nikamwona shingo imenyooka, mdomo wazi, ulimi nje, macho yananitazama mimi. Na hapakuwa na sauti. Nikajiambia anapiga miayo. Nilipiga hatua tatu zaidi na ndoo yangu kabla sijageuka. Hatua tatu hizo ndizo nilizokuwa nakuficha. Ndama halii kimya. Sikio la kushoto limekwenda zamani, na la kulia limebaki kama mlango uliosukumiwa, hupitisha ngurumo na mlango wa ghala, basi. Niliogopa Raghavan. Niliogopa zaidi kuwa mtu anayepigiwa kelele usoni.

Kimya chenyewe si kibaya. Hilo ndilo sikuweza kukuambia. Naamka na asubuhi imeshuka uani polepole bila kumgusa mtu, kunguru wanafungua midomo juu ya kisima, majani yanacheza. Kilichonitesa ni kuogopa tu.

Juzi Ammini alikuja jikoni na tumbo lake, akaketi kwenye mbuzi ya nazi, nikamfukuza, akaketi kwenye kinu. Mafuta ya mwanawe yalikuwa jikoni tangu alfajiri. Nikachovya utambi, nikauwasha. Kwangu mimi ukawaka vizuri, kimya kama nyota. Mkono ulikuwa umeshashika vitambaa vya kuepulia. Kisha nikamtazama yeye. Jicho lake lilipepesa, Rugmini. Likapepesa tena, kama la mtu anayerukiwa na cheche.

Nikamuuliza, "Unasikia nini?"

"Unatatarika, Shangazi. Kwani wewe husikii?"

Miaka hamsini na nane nimeishi katika nyumba hii na sijawahi kusema neno zito kama lile. Nikasema, "Sisikii."

Nilingoja anihurumie, nimtoe nje. Hakunihurumia. Akajivuta na kinu chake karibu na moto, akasema kwa mdomo mpana ili niusome, "Basi chovya, mimi nasikiliza. Ni kichwa cha mwanangu." Nikachovya mara tisa. "Bado, Shangazi." Nikakoroga. "Bado." Jua likapita mbuzi, likafika kwenye mlango wa ghala. "Bado kidogo, sasa unanong'ona." Mara ya tisa alikaa ameinamisha kichwa muda mrefu, mkono uko tumboni, nikadhani kalala. Kisha akaniangalia akasema, "Kimya."

Tulikuwa wawili ndani ya kimya kimoja. Nikaepua.

Leo hii namwandikia Raghavan mwenyewe, kabla hajaambiwa na upepo. Namwambia: kaka, nimeshindwa kitu kimoja. Njoo na kufuli lako.

Devayani


Kollengode, 9 Oktoba 1988

Rugmini mdogo wangu,

Mtoto ni wa kike, kichwa chake kinang'aa kama embe dodo, hakuna kipele hata cha dawa. Mke wa mwalimu kaja kumtazama, kamnusa utosini, kesho yake kaleta chupa yake tupu. Nimemwomba radhi kwa ile ya kwanza. Ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini imetoka.

Raghavan alikuja. Kufuli lilikuwa kwenye begi, nililiona. Alisimama katikati ya jiko akasema maneno mengi sana. Niliuona mdomo wake ukisema yote, nikachagua kuona machache. Lakini siku ile ilikuwa siku ya kupika, na Ammini alikuwa kwenye kinu, mama yake kwenye ngazi, mke wa mwalimu mlangoni, wote wamenyamaza wanausikiliza utambi. Ammini akamwekea kidole mdomoni, "Sss, Mjomba, unatuharibia." Kaka yetu mzima akanyamaza. Mwisho akachuchumaa, naye akatega sikio. Yeye ndiye aliyesema, "Sasa kimya." Alifurahi kama mtoto.

Kufuli ameliacha. Nalifungia ghala la nazi.

Nakutumia chupa kwa askari yuleyule. Usiipake kwanza. Iache igande, uitazame chini, uniandikie ulichokiona. Masikio ya watu ninayo sasa, lakini nataka na macho yako. Na huyo Angmo mpelekee kichupa hiki kingine, mwambie ni toka kwa mtu aliyesema maneno ya kipumbavu kuhusu mbegu.

Devayani


Leh, 18 Desemba 1988

Dada yangu,

Sote wazima. Mama Angmo anakushukuru; ameyachanganya mafuta yako na yake kwenye bakuli moja bila kuniuliza, na sasa nyumba nzima inanuka kwetu na kwao kwa pamoja. Naosha kichwa mara moja kwa wiki, usimwambie mtu. Hakiwashi tena.

Chupa iliganda jana. Tuliipeleka dirishani watu watatu. Ni nyeupe toka shingoni mpaka kwenye kitako, Dada. Niliigeuza, nikaigeuza tena. Sukumaran alikwenda kuleta daftari lake la mawingu, akaweka jicho kwenye kioo muda mrefu, akaandika: hakuna.

Amepata likizo. Tutashuka mwezi wa tano, kabla ya mvua. Nimekuwa nikiwaza jambo moja tangu nilipopata habari hiyo. Nitakapokaa kwenye ngazi ya nyuma kati ya magoti yako, uso wangu utakuwa umetazama migomba, hutauona mdomo wangu. Kwa hiyo tupatane mapema. Nikitaka kukuambia kitu nitakugusa goti, nawe simamisha mkono, nitageuka.

Nikikaa bila kukugusa, ujue sina neno, napakwa mafuta tu.

Mdogo wako,
Rugmini